Suhuba Ughaibuni: Shauri kwa Waendao Ujerumani

Mwezi wa Oktoba kila mwaka, wakati vyuo vikuu vya Ujerumani vinapofungua muhula wao wa majira ya baridi, vijana wetu wa Mombasa na Tanga, wa Moshi na Kisumu na Bujumbura, hushuka katika stesheni za Leipzig, Hamburg na Frankfurt wakiwa na masanduku mazito na makoti mepesi. Na siku hizi huandamana nao wauguzi, mafundi na madereva, hasa baada ya serikali za Kenya na Ujerumani kutiliana saini mkataba wa ajira na uhamiaji mjini Berlin mwezi wa Septemba 2024. Hawa wote wamekwisha kupewa mawaidha tele kabla ya kuagana na jamaa zao, juu ya viza na bima, juu ya akiba ya benki, juu ya viatu vya theluji. Lakini aghalabu hakutokea hata mmoja wa kuwaambia watampata wapi mtu wa kuzungumza naye Jumapili ya mwezi wa Novemba, ambapo maduka yamefungwa kwa amri ya sheria, jua limekuchwa kabla ya saa kumi na moja, na chumbani hakusikiki ila mngurumo wa bomba la maji ya moto. Mimi nataka kuinena Jumapili hiyo, kwa kuwa nimeona wengi walioshinda mitihani yao wakashindwa na siku hiyo moja ya juma.

Sisi watu wa pwani, na hata wa bara waliokwisha kuizoea miji yetu, tumelelewa katika desturi ambayo kujuana huanza kwa maamkizi. Umpitaye barazani humwamkia, naye akakujibu, ukamwuliza hali ya watoto, akakuuliza habari za nyumbani, na baada ya siku chache umekuwa mwana wa mtaa, ukikosekana msikitini sala moja watu huulizana uko wapi. Mjerumani hakulelewa hivyo. Humpita jirani yake ngazini kwa neno moja, na katika garimoshi ataketi ubavuni pako kutoka Hamburg mpaka Frankfurt asifungue kinywa chake, ilhali moyoni mwake hamna chuki wala kiburi, bali adhani kwamba kukuacha na nafsi yako ndiyo heshima akupayo. Mgeni asiyelijua hilo huhesabu kila kimya kuwa ni tusi, naye akajikunja, akawa mkimya kuliko wao, na miaka miwili ikapita.

Neno nililokusudia ni hili, na yote yatakayofuata ni sherehe yake: katika nchi ile suhuba haifunguliwi na maamkizi, bali na kazi iliyoshirikiwa na miadi iliyotimizwa. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nasi huitumia mithali hiyo kumtanabahisha mgeni aliyezidisha ukaaji wake. Lakini aendaye Ujerumani yafaa asingoje kupewa jembe, alitafute mwenyewe tangu siku ya kwanza, kwani asiyelishika hatakuwa na mahali pa kusimama kati ya watu.

Na majembe hayo yapo tele, tena yameandikwa katika daftari. Vyama vilivyosajiliwa katika nchi hiyo, ambavyo kila kimoja wakiita Verein, vyapindukia 600,000, na sheria yao hutaka watu saba tu ili chama kipate kuandikishwa. Kwa hivyo ni shida kulitaja jambo la halali lisilokuwa na chama chake, kuanzia kuimba na kupanda milima hata kufuga nyuki, kucheza sataranji, na kulima vile vibustani vidogo uvionavyo kando ya reli. Shirikisho la mpira wa miguu peke yake lina wanachama zaidi ya milioni 7. Zimamoto, ambayo kwetu ni kazi ya serikali au ya halmashauri, kule vijijini na katika miji midogo hushikwa na watu wa kujitolea, wapatao milioni moja nchi nzima, ambao king'ora kikilia huacha chakula mezani wakatoka mbio. Mwashi na daktari na karani hukutana humo wakiwa sawa, na humo ndimo Mjerumani alimouweka ule uchangamfu wake ambao mgeni aliutafuta ngazini akaukosa.

Basi katika mwezi wako wa kwanza, kabla hujauzoea upweke ukadhani ndiyo maisha yenyewe, chagua chama kimoja. Usikichague kwa kutazama cheo wala manufaa ya baadaye, bali kwa kutazama jambo ulipendalo, maana utalifanya kila Jumanne jioni, kwa mvua na kwa theluji. Nenda mara mbili tatu kama mtazamaji, jambo ambalo vyama vingi huruhusu bila ya malipo, kisha ulipe ada, na usione haya kuuliza kama mwanafunzi hupunguziwa. Asiyetaka kujifunga na chama ana michezo ya chuo kikuu, ambayo bei yake ni nafuu mno. Na mfanyakazi asiyekuwa na chuo ana Volkshochschule, yaani shule za jioni za watu wazima, zinazopindukia 800 katika nchi nzima, ambamo hufundishwa lugha, ushonaji, mapishi na mengine yasiyo na idadi. Lakini elewa kwamba kuhudhuria ni nusu tu ya jambo, na nusu ya pili, ambayo wageni wengi huisahau, ni kuomba zamu. Siku itakapotangazwa kwamba anatakiwa mtu wa kupanga viti, au wa kushika sanduku la fedha za chai, au wa kuwasindikiza watoto wa timu ya wadogo, inua mkono, hata kama Kijerumani chako bado hakijafika mbali, kwa sababu viti havina sarufi.

Namjua kijana mmoja wa Tanga aliyekuwa akisoma uhandisi katika mji mdogo wa jimbo la Sachsen, mji wenye kiwanda kimoja, mto mmoja na makanisa mawili, ambaye kwa miezi mingi hakuwa na la kujibu mama yake alipomwuliza kwa simu kama amepata wenzake. Mwishowe akajiunga na timu ya pili ya mpira, timu ya watu wazima wenye magoti ya plasta, akawekwa golini kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyelitaka goli. Walimsalimu kabla ya mchezo, wakamshukuru baada ya mchezo, na hapo maneno yakaisha. Ilipofika sikukuu ya chama ya kiangazi, ikabandikwa orodha ya zamu mlangoni, naye akakuta jina lake limetiwa katika jiko la kuchoma soseji. Akamwendea katibu, mwanamke wa makamo, akamweleza kwa staha kwamba yeye ni Mwislamu na nyama ya nguruwe haishiki; yule bibi hakuuliza swali lolote, akatoa kalamu, akalikata jina, akaliandika upya katika meza ya kahawa na keki, ubavuni mwa kikongwe aliyestaafu kazi ya posta. Wakakaa mezani hapo tangu adhuhuri mpaka magharibi. Kikongwe akamwonyesha namna ya kuzikata keki za sinia kwa vipande vilivyo sawasawa, akimkemea kila alipokata kikubwa, maana kikubwa ni hasara ya chama. Kijana naye akamfundisha kuhesabu kwa Kiswahili mpaka kumi, na wanunuzi wakawa wanatajiwa bei kwa lugha mbili. Jioni, katika kuosha vikombe, akaulizwa kwao huzikwaje maiti, na bahari ya Tanga ina rangi gani, na kama mama yake yu hai. Jumapili iliyofuata alialikwa nyumbani kwa kikongwe, na kabla ya mwaka kwisha mumewe, mwalimu mstaafu, alikuwa akimsahihishia kurasa za tasnifu yake kwa kalamu nyekundu, bila ya huruma. Mlango ulikuwa papo hapo siku zote, lakini hakuingia kwa kudaka mipira, aliingia kwa kukata keki.

Nimekwisha kuitaja miadi, nayo yataka maelezo, kwa sababu wengi wetu huvunja urafiki kwa saa kabla ya kuuvunja kwa neno. Mjerumani hakutokei mlangoni kwa kupita njia, wala hapendi utokee kwake. Hufungua kalenda yake, akakwambia kwamba Jumamosi ya wiki ya tatu ana nafasi, nawe hukasirika ukidhani amekuahirisha, ilhali amekuandika kwa wino. Siku hiyo ikifika, nenda kwa wakati uliotajwa, si kabla yake wala si nusu saa baada yake. Jihadhari na hesabu zao za saa, ambazo kwa Mswahili ni mtego mara mbili, maana akitaja saa nne ya alasiri ni saa kumi ya kwetu, na akisema nusu ya tano maana yake ni saa kumi na nusu, si saa kumi na moja na nusu, na wengi wamefika wakakuta vikombe vinaoshwa. Alasiri ni wakati wa kahawa na keki, jioni aghalabu ni mkate na jibini na saladi, si karamu. Chukua mkononi kitu kidogo, maua au matunda au chokoleti, na mlangoni uliza kama viatu huvuliwa. Chakula utakaribishwa mara moja, labda mara mbili, kisha sahani itaondolewa, na yule aliyekataa kwa adabu za kwetu akingojea kubembelezwa mara ya tatu atarejea nyumbani na njaa yake. Katika kuagana, usiseme tutaonana Mungu akipenda ukaondoka. Sema Mungu akipenda, kisha mtaje siku.

Usingoje kualikwa tu. Mpishi wa pilau, au wa wali wa nazi, ana hazina asiyoijua. Alika watu wanne, si ishirini, uwaalike majuma mawili kabla, uwaulize nani hali nyama, maana wasiokula nyama ni wengi mno katika vijana wao, na uwaambie wazi kwamba hawana haja ya kuleta chochote, ingawa wataleta. Siku yako ya kuzaliwa, mila yao ni kwamba mwenye siku ndiye anayewapelekea wenzake keki kazini au darasani, nawe waweza kupeleka mahamri au visheti na ukawa umefanya zaidi ya hotuba mia. Lakini siku ya kuzaliwa ya mwenzako usimpongeze mapema, hata usiku wa kuamkia, kwani huamini kwamba ni mkosi, na watu wenye shahada za juu utawaona wakiruka kwa hofu.

Nyumba za kushirikiana, ambazo wanafunzi wengi hupanga kwa sababu ya bei, ni chuo cha pili. Utafungua friji ukute kila mtu ana rafu yake, na chupa ya maziwa imeandikwa jina. Utakuta ratiba ya usafi imebandikwa ukutani, na juma la zamu yako limepigwa mstari. Usilicheke hilo wala usilione ni uchoyo. Huyo aliyeandika jina lake juu ya maziwa ndiye atakayekuchukua hospitali saa nane za usiku ukiugua, mradi choo umekisafisha juma lako lilipofika, na taka umezitenga karatasi mbali na chupa, na Jumapili hukupiga nyundo. Jambo moja litakutia simanzi kidogo: mwenzako aweza kuketi mbele yako akala mkate wake mpaka ukaisha asiseme karibu. Hakukudharau. Wewe sema karibu yako kila ulapo, maana ni adabu yako nawe hukutumwa kuitupa; baada ya miezi michache atakuwa na yeye ameanza kuisema, kwa lafudhi ya kuchekesha.

Kazini mambo ni mafupi zaidi. Wafanyakazi huweka mpaka kati ya kazi na nyumbani, na saa ya kutoka ikilia kila mtu hushika njia yake. Lakini saa ya chakula cha mchana huheshimiwa, na anayekula peke yake mbele ya kompyuta ili aonekane ana bidii hupoteza kwa siku moja alichoweza kukipata kwa mwaka. Kaa mezani na wenzako, hata kama husemi. Wasemeshe wakubwa wako kwa namna ya heshima mpaka wao wenyewe wakuombe uiache, maana ruhusa hiyo ni ya aliye mkubwa kuitoa. Na ukikosolewa waziwazi mbele ya watu, zuia hasira mpaka kesho, kwa sababu aghalabu utamkuta yuleyule aliyekukosoa akikuuliza kama wataka kahawa. Hata mwanafunzi, ambaye sheria humruhusu kufanya kazi siku 140 nzima au siku 280 za nusu katika mwaka, asizihesabu siku hizo kuwa ni za fedha tu.

Juu ya lugha nitasema neno moja zito. Utakutana na wema wengi watakaokugeuzia Kiingereza mara wakusikiapo ukisita, nao hudhani wanakusaidia. Washukuru, kisha endelea na Kijerumani chako kibovu. Mtu huweza kupata shahada nzima kwa Kiingereza katika nchi ile, lakini katika meza ya watu wanane mzaha utapigwa kwa Kijerumani, na huwezi kumwomba mtu akutafsirie mzaha, kwani ukitafsiriwa umekufa. Njia nyepesi ni ya kubadilishana, wewe ukamfundisha mtu lugha yako saa moja naye akakufundisha yake saa moja, na hapo Mswahili amebahatika kuliko wageni wengi, maana lugha yetu yafundishwa katika vyuo vikuu vya Leipzig, Hamburg, Bayreuth, Berlin na Köln, na huko Bayreuth wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakikutana katika kongamano lao tangu miaka ya 1980. Nenda katika idara hiyo, hata kama wewe wasomea udaktari wa meno, ubandike karatasi ukutani. Tena wako vijana waliokwenda Afrika Mashariki kujitolea chini ya mpango wa serikali yao uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008, ambao baada ya mwaka mmoja wa Iringa au Bukoba wamerudi kwao wakiwa na hamu ya maharage na ya watu. Hao hawangoji kushawishiwa.

Dini nayo ni mlango, na kwa baadhi yetu mlango huo ulikwisha kufunguliwa na babu zetu bila ya sisi kujua. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wale wa Berlin wakashika nyanda za juu za kusini, na wa Bethel wakawa Usambara kisha Bukoba, na mpaka hivi leo sharika nyingi za Kilutheri za Ujerumani zina udugu na dayosisi za Tanzania, huandikiana barua, hutumiana wajumbe na kwaya. Kwa hivyo Mchaga au Mhaya aulizaye katika ofisi ya kanisa la mtaa wake aweza kukuta picha ya kijiji cha kwao imetundikwa ukutani. Mwislamu atakuta kwamba misikiti mingi ni ya Waturuki, na hotuba ya Ijumaa huenda ikawa ya Kituruki asielewe ila Qur'ani. Hata hivyo avumilie, kwa sababu mwezi wa Ramadhani futari ya msikitini haiulizi pasipoti, na mkaa futarini siku tatu mfululizo huitwa kwa jina lake siku ya nne.

Sisi si wa kwanza kuyaonja haya. Sayyida Salme binti Said, ambaye Wajerumani walimjua kwa jina la Emily Ruete, aliondoka Unguja mwaka 1866, akafika Hamburg mwaka uliofuata na mume aliyeolewa naye Aden, na baada ya miaka mitatu mume huyo akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wachanga katika mji ambao hakuwa na ndugu hata mmoja. Na barua alizoziandika juu ya maisha yake huko, zilizochapishwa baada ya kufa kwake, ni masomo ya kutosha kwa atakaye kujua upweke ni nini. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo ambaye kwa kalamu yake tumepata habari nyingi za desturi za Waswahili, alikwenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani lugha yetu; akaoa huko mwaka 1904, na mwaka uliofuata alipokuja na mkewe wa Kijerumani, serikali ya koloni ikamzuia asishuke naye pwani, akalazimika kurejea Ujerumani, akaishi huko mpaka kufa kwake mwaka 1927. Hawa wawili hawakuwa na jamii ya watu wao ya kuegemea. Wewe unayo.

Na kwa kuwa unayo, yataka hekima katika kuitumia. Miji mikubwa yote ina vikundi vya Watanzania na Wakenya, huchangiana katika msiba, huozana, hupikiana, na siku utakapopata habari ya kifo cha nyumbani hao ndio watakaokuja kukaa nawe bila ya kufungua kalenda. Jiandikishe kwao mapema, toa mchango wako, hudhuria. Lakini usihamie humo. Nimewaona waliokaa miaka kumi mjini Berlin wakijua kila fitina ya mtaani Temeke na wasijue jina la jirani wa mlango wa pili. Na siku walipohitaji mtu wa kuwadhamini nyumba, au wa kuwapa habari ya kazi, wote waliowajua walikuwa wakihitaji jambo lilelile. Tena katika kila kundi la wageni hupatikana mmoja mwenye maneno matamu, ajuaye karani fulani, ajuaye njia ya mkato ya karatasi za ukaazi, naye hutaka kukopa. Huyo umpe chai, usimpe namba yako ya benki.

Wala sitaficha kwamba utakutana na ubaguzi. Nyumba itakuwa imepangishwa ghafla mara watakaposikia jina lako kwa simu, na katika basi kiti cha ubavuni pako kitakaa kitupu hali watu wamesimama. Wengine watakwambia kwamba umedhani tu, nao ni wale ambao hawajawahi kukaa ubavuni mwa kiti hicho. Usijilazimishe kuwa balozi wa bara zima kwa kila mwenye ujinga, na pia usiwahukumu wote kwa huyo mmoja. Bali watazame wenzako wa chamani na kazini siku jambo hilo litakapotokea mbele yao, maana nani alisema neno na nani aliangalia dirishani ni habari utakayoihitaji.

Moyo ukizidiwa, hasa katika miezi ya Desemba na Januari, usione ni aibu kwenda kwa washauri walioko katika mashirika ya ustawi wa wanafunzi, ambao kazi yao ni kusikiliza na hawalipwi na mgonjwa; na unapomwomba msaada Mjerumani, liseme jambo lenyewe. Ukimwambia nina shida, atakuhurumia asijue la kufanya. Ukimwambia nimepata barua ya ofisi ya wageni, siielewi, je, Alhamisi jioni waweza kuisoma nami kwa nusu saa, atakuja, na pengine atakuja na kamusi.

Utajuaje kwamba suhuba imeingia? Hawatakwambia. Siku moja mtu ambaye umekuwa ukimwona kila Jumanne kwa mwaka mzima atakuuliza kama Jumamosi una nafasi ya kumsaidia kuhama nyumba. Mgeni hudhani ameajiriwa hamali, akatafuta udhuru, na hapo akawa ameukataa mkono alionyooshewa, kwa sababu kule mtu hamwiti kila mtu kumbebea kabati ghorofa ya nne, humwita rafiki. Nenda, vaa nguo kuukuu, beba masanduku ya vitabu ambayo ndiyo mazito kuliko yote, ule mkate utakaowekwa juu ya sanduku, na usikubali fedha. Dalili nyingine ni kupewa ufunguo wa nyumba mwenyewe akisafiri, ili umwagilie maua yake. Na nyingine, iliyo nadra, ni kuambiwa katikati ya mazungumzo ya mvua kwamba baba yake ni mgonjwa na hapatani naye. Hapo usitoe mawaidha. Uliza tu, na juma lijalo uliza tena.

Na kama urafiki huo utavuka mwisho wa masomo yako, siku moja atataka kuja kwenu, naye atakuandikia miezi minane mbele akiuliza tarehe. Mjibu kwa tarehe. Mwambie aje kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamepita, habari za malaria amwulize tabibu wa kwao kabla ya safari, na saa ya kufika kwake uiandike kwa hesabu zote mbili. Mama naye mweleze mapema kwamba huyu mgeni akisema ameshiba, basi ameshiba kweli. Hatasadiki, atamwongezea, na mgeni atakimaliza chakula chote kwa kuona haya, kwa hivyo siku ya kwanza keti kati yao.